Chumba cha Futi Elfu Arobaini

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, chumba cha baridi cha ghala kilipanda futi elfu arobaini. Hakikuondoka mahali pake. Ghala lilibaki mjini Buffalo, Marekani, mabasi yakaendelea kupita nje. Hewa ndiyo iliyopungua, na barafu ikaota juu ya maboksi ya kuku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia humo zilijaribiwa ndege za kivita za kuruka juu kupita zote. Vita vilipokwisha, hakuna aliyekumbuka kukizima.

Rakeli alipangiwa kazi ya chumba hicho kwa sababu alizaliwa kwenye milima mirefu ya Itombwe, Kongo, na hakuzimia. Humo alimkuta rubani wa majaribio, Mzungu mwembamba aliyekaa juu ya boksi, nyusi zimeganda. Tangu mwaka 1943 alikuwa akiandika ripoti ileile: barakoa ya oksijeni inaganda, msilete mtu mwingine. Rakeli alimmiminia maziwa ya moto kutoka kwenye chupa yake, maana mgeni haachwi bila maziwa, kisha akaipeleka ripoti ofisini. Hakizimana, msimamizi Mrundi, aliigonga muhuri na kuitia kwenye droo pamoja na zilizotangulia.

Rwema, mtoto wa kaka yake, alikuja kutoka mji wa Columbus kutafuta kazi, na Rakeli akamtafsiria. Ofisini waliuliza kwao kijana ni wapi. "Itombwe," Rakeli alijibu, kama wanavyojibu watu wa kwao wote, kwa kuwa kwao ni kule babu alikozikwa. Rwema alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, bondeni, kwenye joto. Mlima aliuona kwenye simu.

Jumatano jina lake lilibandikwa kwenye orodha ya chumba.

"Huyu mtoto ni wa bondeni," Rakeli alimwambia Hakizimana. "Atakufa mule."

"Mama Isaro," Hakizimana alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe, "ulisema Itombwe. Niliandika mwenyewe."

"Nilisema kwao. Sikusema alikozaliwa."

"Kompyuta ina nafasi moja tu ya kuandika mahali."

"Basi niingie mimi."

"Wewe kesho unapakia malori."

Rwema alimcheka shangazi yake, akichanganya Kifaransa. "Tantine, donc mimi si wa kwetu? Bon, acha niende. Nitakusalimia ng'ombe za babu."

Alhamisi, chumba kiliposhuka saa kumi, Rakeli alifungua mlango. Rwema alikuwa amekaa kando ya rubani, nyusi zimeganda.

"Kuko baridi, tantine," alisema. "Kupumua niliacha."

Kwa kuwa hakutoka, Jumamosi walizika koti lake. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Wengi walikuwa na zamu.

Alhamisi iliyofuata ripoti ilikuwa na sahihi mbili. Rakeli alimimina vikombe viwili vya maziwa, akangoja vinywewe, akaipeleka ofisini. Hakizimana aligonga muhuri na kusukuma droo kwa goti, kwani ilikuwa imejaa.

"Pole sana, Mama Isaro. Nafasi iko wazi. Huko mjini Louisville hamna ndugu?"

"Wapo. Wamezaliwa kambini, bondeni."

"Ndiyo, lakini kwao wapi?" aliuliza, na alikuwa ameshaandika Itombwe.