Upande wa Kaka Mtu

Fundi wa kompyuta alikuwa akifunga kibanda mama mmoja asiyemjua alipoingia, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mwanawe wa kiume, mwenye kompyuta hiyo, alizikwa juzi. Sasa binti yake aliihitaji kwa masomo yaliyotaka mfumo mwingine wa kuiendesha.

"Iwe na mifumo miwili, mwanangu. Ila upande wa kaka mtu usiuguse. Najua kumejaa takataka, hata viatu vyake hakujua kuvipanga."

"Siugusi, mama. Nakuahidi."

Diski ya marehemu ilikuwa imejaa pomoni, mfumo wa pili haukuwa na nafasi. Angefuta kidogo tu, mama asingejua. Fundi akashusha pumzi, akachomoa diski ya kompyuta yake ya kazi, akaifunga ndani ya ile ya mama, kando ya diski ya marehemu, akaweka mfumo mpya humo. Yake ikabaki ganda tupu.

Kompyuta ya mama ilipowaka, iliuliza mtu aingie upande upi. Jina la marehemu lilitangulia.