Vigae vya Mama Wivine

Liévin alipomaliza kutandika vigae vya umeme sebuleni, alimweleza mama yake vizuri: mkivikanyaga, betri inajaa. Lakini vilikuwa vinang'aa mno, na Mama Wivine hakuwa mtu wa kuachia matope ya Kisangani kitu kizuri. Kila mgeni alifokewa mlangoni: "Pitia pembeni! Usikanyage!"

Siku ya tatu umeme wa mji ulikatika na simu ya Mama Wivine ikazimika, huku binti yake Précieuse akiwa mtoni, ndani ya mashua ya kwenda Basoko. Akaichomeka kwenye betri ya Liévin. Kimya.

"Hii kitu iko ya bure!" akawaka.

"Mama," Liévin akauliza taratibu, "nani alikanyaga?"

Mama Wivine akavitazama vigae vyake, safi kabisa. Alasiri kina mama wa kwaya walikuja kwa mazoezi, wakajibana ukutani kama walivyozoeshwa.

"Bon, bamama, muingie katikati! Mucheze ile ya matoleo!" Mama Wivine akawaamuru.

Wakamtazama kama mtu mwenye homa. Akaanza mwenyewe, akipiga miguu hadi kilemba kikamdondoka, nao wakamfuata. Wimbo wa sita ulipokwisha, simu ikawaka. Ujumbe ukaingia: "Mama, tulifika leo asubuhi. Niko salama."

Mama Wivine akaketi palepale chini, akashusha pumzi.

Ursule, mwanakwaya aliyechelewa, akaingia na viatu mkononi, akinyata kando ya ukuta.

"Unapitia wapi, weye?" Mama Wivine akamfokea huku machozi yakimtiririka. "Vaa viatu, kanyaga!"