Keki Iliyofumuliwa

Shangazi alikuwa na msumari mmoja mlangoni mwa duka lake la ushonaji, na msumari huo ulikuwa na hadhi kuliko watu wengi wa mtaa ule. Nguo ikimalizika, hakuitazama kwa nje hata kidogo. Aliigeuza, ndani ikawa nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akavuta pindo, akainusa kama vile mshono mbaya una harufu. Ikimridhisha, aliukata uzi wa mwisho kwa meno na kuitundika kwenye msumari, kila mpita njia aione. Isipomridhisha alisema neno moja tu: "Fumua." Na ukishaambiwa ufumue, ulifumua. Kubishana na Shangazi ilikuwa kutafuta kesi.

Bi Maua alilelewa na Shangazi tangu hajaota meno. Alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akichezea vifungo, na kila mtu alijua kwamba cherehani ile ingekuja kuwa yake. Alishona blauzi, akashona sketi, akashona mpaka foronya. Kwa nje vitu vyake vilipendeza mpaka wateja wakavigombea. Kwa ndani vilikuwa vurugu tupu, nyuzi zinaning'inia kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Hakuna hata kimoja kilichofika kwenye msumari. Siku moja, akiwa msichana mkubwa, alimpambia mtoto wa jirani keki ya siku ya kuzaliwa, na mambo yakaanzia hapo. Cherehani haikumwona tena.

Sasa alikuwa na chumba chake cha kuokea, oveni yake, meza yake ya kuzungusha keki, na hilo jina la Bi Maua alilopewa na wateja kwa sababu ya maua yake ya krimu, ambayo nyuki wawili watatu walishawahi kuyafuata dirishani wakaondoka wamenuna. Watu walitoka mbali kumfuata. Mwenye harusi alitaka keki ya ghorofa tatu, mstaafu alitaka keki yenye sura ya kiti chake cha ofisini, na wote aliwatimizia.

Ila Shangazi hakuiita kazi. Hakumkataza, maana alimpenda mno kumkataza. Alimlea, akamwogesha, akamsukia nywele kila Jumapili huku wote wawili wakilalamika. Lakini mteja akimuulizia, alijibu kwa sauti ya kudekeza kabisa: "Mwanangu? Yupo, anacheza na sukari." Neno hilo lilimkaa Bi Maua kooni kama mwiba wa samaki. Hakutaka sifa. Alitaka Shangazi aseme "kazi", mara moja tu, kisha dunia iendelee na shughuli zake.

Kila mara alipompelekea keki, mambo yalikuwa yale yale. Shangazi alikuwa juu ya cherehani, mikono ina mafuta. "Nikatie wewe, mwanangu. Kidogo tu." Bi Maua alimkatia kwa haraka na kwa woga, kipande kinapondeka pembeni, anakiweka kwenye kisahani. Shangazi alichukua uma, akakwangua pambo lote, maua na majani na kila kitu, akalisukuma ukingoni mwa kisahani, akala keki tupu iliyobaki. "Tamu," alisema. Kisha akarudi kwenye cherehani, na yale maua yakabaki pale yameanguka kifudifudi.

Basi, Shangazi akaposwa.

Msicheke. Mposaji, fundi saa, jirani wa ukuta mmoja na duka lake, hakuwa mtu wa papara. Alifiwa na mke zamani, akaishi na saa zake, na kwa miaka mingi alikuwa akimletea Shangazi suruali azipunguze urefu. Alizileta moja baada ya nyingine, na zikiisha alianza upya. Mtaa mzima ulielewa isipokuwa Shangazi, mpaka siku alipomtazama mzee wa watu na kumwambia, "Hii nikiikata tena itakuwa kaptula. Sema unachotaka." Naye akasema.

"Keki yako naitengeneza mimi," Bi Maua alimwambia Shangazi siku ile ile.

"Nani mwingine? Lakini iwe ya kawaida. Sitaki vidude."

"Shangazi, ni harusi yako."

"Ndiyo maana. Nimesema sitaki vidude, mwanangu. Watu waje wale keki, wasije kutazama maonyesho."

Bi Maua aliitikia sawa, lakini moyoni hakuitikia. Nusu ya wageni walikuwa wateja wake. Wangesema nini wakimwona mpambaji wao amemwekea mama aliyemlea keki iliyo uchi? Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na aliijua: hii ingekuwa keki moja ambayo Shangazi hangeweza kuikwepa, mezani mbele yake, watu wote wakitazama. Kama asingeiita kazi siku hiyo, asingeiita tena.

Akapiga moyo konde. Alioka keki tatu za mviringo, kubwa, ya kati na ndogo, akaziacha zipoe. Kisha akafanya alichokuwa akifanya kwa kila keki: akaipima kila moja kwa tepu ya fundi, akachomeka vijiti vya meno kuizunguka kwenye mstari mmoja, akaizungushia uzi kiunoni, akapishanisha ncha na kuvuta taratibu. Uzi ukapita ndani ya keki bila kubomoa kitu. Kisu huyumba, hasa kikishikwa na mtu mwenye wasiwasi. Uzi hauyumbi. Akapaka jemu nyembamba kati ya tabaka na tabaka, akazipandisha keki moja juu ya nyingine, akazipaka krimu nyeupe mpaka zikawa laini kama ukuta mpya.

Kisha akachukua mfuko wa kupambia. Kuzunguka keki yote, ghorofa zote tatu, alichora kwa krimu ile nakshi ambayo Shangazi huitia kwenye kola za wateja wake wa heshima: kikonyo, jani, kitone, kikonyo tena. Alitoa jasho. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama, na machozi yakamlengalenga. Shangazi akiiona nakshi yake mwenyewe, atakwangua vipi?

Ukumbi ulikuwa mdogo na feni yake ilizunguka ikijisikia. Shangazi aliingia na gauni alilojishonea, fundi saa amevaa suruali yenye urefu kamili, mtaa ukapiga vigelegele kwa hiyo suruali peke yake. Keki ilikuwa mezani na utepe mweupe umeizunguka chini, na kila aliyepita alisimama. Bi Maua alisimama pembeni, roho juu.

"Sasa maharusi wakate keki!" mshereheshaji akapaza sauti. "Tuhesabu pamoja! Moja! Mbili!"

Shangazi alishika kisu. Akainama. Akaiangalia nakshi kwa karibu, jicho moja amelifumba, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Hii ni nakshi yangu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Hapa umepindisha jani."

Akakilaza kisu, akaanza kukwangua.

Hakukwangua kwa hasira. Alikwangua kwa utaratibu, tangu juu kwenda chini, krimu inarundikana kwenye kisu, anaipangusa kwenye sahani, anarudi tena. Vikonyo vikaenda, majani yakaenda. Mshereheshaji alibaki na "tatu" yake mdomoni. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi aliweka mkono kifuani. Watu waliokuwa wakipiga picha walishusha simu, kisha wakazipandisha tena.

"Mke wangu," fundi saa alinong'ona, na masikini ndiyo mara ya kwanza alikuwa anamwita hivyo, "unafanya nini?"

"Nafumua. Nataka kuona ndani."

Ukumbi ukavunjika mbavu kwa kicheko. Bi Maua hakucheka. Alishika kiti cha plastiki, na kiti nacho kikateleza kidogo. Alijiona yuko tena chini ya ile meza ya vitambaa, blauzi mkononi, anasubiri neno lile. Alitamani ukumbi ummeze pamoja na kiti.

Keki ilipokuwa tupu upande mmoja, Shangazi aliisimamisha ncha ya kisu na kukata. Alikata kipande kirefu, akakitoa kizima, akakilaza kwenye sahani kwa ubavu. Akainama tena.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Ndani ya kile kipande tabaka zilikuwa zimelala sawasawa, unene mmoja, na jemu kati yake ilikuwa mstari mwekundu mwembamba, umenyooka kutoka upande huu hadi ule bila kupanda wala kushuka. Shangazi alipitisha kidole kwenye mstari ule. Akakigeuza kipande upande wa pili, akapitisha kidole tena. Akakata kingine, kutoka keki ya kati, na kingine kutoka ile ndogo ya juu. Vyote vilikuwa sawa.

Hapo Bi Maua akaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote. Shangazi alikuwa hajawahi kukata keki yake hata moja. Alikuwa akipewa vipande vilivyopondeka, vilivyokatwa na mkono unaotetemeka. Pambo alilikwangua akitafuta ndani, na ndani alikuta vurugu, kama kwenye zile blauzi.

"Umekata na nini hizi tabaka?" Shangazi aliuliza. "Kisu hakikati hivi."

"Uzi, Shangazi."

"Uzi gani?"

"Wa vifungo. Nachukuaga kwenye droo yako."

Shangazi alimgeukia mumewe. "Na mimi nimekushuku wewe miaka yote! Nikasema huyu mzee anafungia masaa yake uzi wangu."

"Ndiyo maana ulikuwa unanikagua mifuko," alisema fundi saa.

Watu walicheka tena, lakini Shangazi alikuwa amesharudi kwenye keki. "Nani kakufundisha kukata kwa uzi?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi sijui keki."

"Mche wa sabuni. Siku za kufua ulikuwa unaukata kwa uzi vipande vipande, na mimi nimeshika ncha ya pili. Uliniambia nishike vizuri, nisiyumbe."

Shangazi alimtazama. Mkono wake, ule wenye kidole kilichozoea sindano, ulikuwa umejaa krimu mpaka kwenye kifundo. Alimega kipande kwa vidole, akakichovya kwenye lile rundo la krimu aliyoikwangua, akala. Akamega tena. Bi Maua alisubiri neno. Shangazi aliendelea kutafuna, macho yakimlowa, kisha akamvuta na kumkumbatia kwa mkono ule ule, na krimu yote ikaishia mgongoni mwa gauni la Bi Maua. Muziki ukaanza, watu wakaja na sahani zao, na neno halikusemwa.

Bi Maua alirudi nyumbani na furaha na kidonda kidogo, vyote pamoja. Alijiambia inatosha. Mama amekula pambo, unataka nini tena?

Jumatatu asubuhi alipita dukani kuurudisha uzi wa vifungo, mpya, karatasi yake haijatolewa. Cherehani ilikuwa inaunguruma, na Shangazi amempa mgongo, anazungumza na mteja aliyekuja kuchukua sketi. Bi Maua alisimama kizingitini.

Kwenye msumari hapakuwa na nguo. Ulining'inia utepe mweupe, ule uliozunguka keki, umepigwa pasi, una doa dogo la jemu ambalo halikufuliwa.

"Na huu utepe ni wa nini?" mteja aliuliza. "Wa kuuza?"

"Hauuzwi," Shangazi alisema, bila kuinua macho kwenye mshono. "Hiyo ni kazi ya mwanangu."