Mgonjwa Aliyepambwa

Dada yangu ana saluni, nami ni msusi wake, na sheria yake ya kwanza ni kwamba msusi hatoki nje hovyo. Hata akienda hospitali. Kila nilipokwenda kupima, alinikalisha kwanza, akanisuka, akanipaka wanja na poda, kisha akanimezesha dawa za maumivu ili nisikunje uso mbele za watu. Madaktari wakawa wanampokea bibi harusi. Damu safi, mkojo safi, picha za mifupa safi. "Huna kitu," wakaniambia, mmoja baada ya mwingine.

Nami mwili ulikuwa unawaka kuanzia shingo hadi nyayo, mwaka wa pili sasa. Nikilala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

"Vipimo havidanganyi, mdogo wangu," dada akasema. "Huo ni uvivu. Mwisho wa mwezi kiti chako nampa mwingine."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," nikamjibu. Kusuka ndiyo kazi ninayoipenda, na maneno yale yaliniuma kuliko mabega. Lakini mimi si wa kulia pembeni. Nikamwambia twende wote kwa daktari mwingine, akasikie kwa masikio yake.

Daktari, mama wa makamo, alinitazama kuanzia kope hadi kucha. "Umemeza dawa leo?"

"Nimemeza."

"Basi mgonjwa umemwacha nyumbani. Kesho niletee. Bila dawa, bila poda."

Dada alinuna njia nzima. Kesho yake nikatoka naye tena, nina uso mkavu, nywele nimezifumua, nachechemea, wala sikuona haya hata chembe. Daktari akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: usingizi, uchovu, kusahausahau. Kisha akanibonyeza bega taratibu, kama anayechagua parachichi sokoni. Nikapiga yowe. Kiuno, yowe. Goti, yowe. Dada akasimama.

"Inaitwa fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima," daktari akasema. "Haionekani kwenye damu wala kwenye picha. Vipimo vimeondoa magonjwa mengine, hii tunaijua kwa kumsikiliza mgonjwa. Haiishi kesho, ila inatulizwa."

Nilifurahi hadi nikacheka. Naumwa kweli, na ugonjwa una jina!

"Kiti ni chako," dada akasema. Akanyoosha mkono anikumbatie, ukaishia hewani. "Mdogo wangu, nikushike wapi?"

"Shika mkoba," nikamwambia. "Mimi natembea mwenyewe."