Mtu wa Tisa

Utafiti wa mdogo wangu umetajwa na wataalamu wenzake mara elfu nne na mia tatu. Wenyewe huhesabu hivyo: mtu akiandika makala akataja kazi yako, unapata moja. Mimi dada yake, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, sijatajwa hata mara moja. Na nilikuwemo, jamani. Nilikuwemo!

Jumapili mchana alikuja kunionyesha ngao aliyotunukiwa na chama cha madaktari wa macho. Kunionyesha! Akaniwekea mapajani, nikaipapasa. Baridi, halafu ina pembe kali.

"Hongera, Bwana Macho," nikamwambia. Jina hilo nilimpa utotoni, maana alikuwa hachoki kukodolea vitu.

"Ni yako pia, dada. Cherehani yako ndiyo iliyonisomesha."

Hapo alisema kweli. Miaka ishirini na sita nimeshona sare za shule. Sasa cherehani imefunikwa shuka kule kwenye kona, na mimi nikipita naigonga kwa goti.

"Basi nisomee huo utafiti wenyewe," nikasema. "Watu wote wameusoma isipokuwa mimi."

Akacheka. "Utalala, dada."

"Nimeshalala sana. Soma."

Hakujua kwamba Alhamisi binti yangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameshanisomea wote, mstari kwa mstari, akinifafanulia.

Kazi ile ilihitaji watu thelathini wenye macho mazima. Walipopungua, akaniomba mimi, nikawa mtu wa tisa. Unaweka kidevu kwenye kibao, jicho moja linazibwa, unakazia nukta katikati ya bakuli kubwa jeupe. Vimwanga vinawaka huku na huku. Ukikiona kimoja, unabonyeza kitufe. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikaniuma, kisha akanipiga picha ya neva, mshipa unaopeleka nuru kwenye ubongo. Alipotazama majibu akaangua kicheko: "Dada, umesinzia! Vya pembeni umevikosa karibu vyote." Nami nikacheka. Kweli nilikuwa nimechoka, nina oda ya sare mia moja. Tena niliona aibu kwamba nimemharibia kazi.

Na kilichompa jina ni kanuni aliyoibuni hapohapo, ya kumtambua mtu asiye makini kwenye kipimo kwa vimwanga vya pembeni alivyovikosa, ili majibu yake yasichafue hesabu za jinsi ubongo unavyopokea mwanga. Wataalamu wa macho na wa ubongo wanaitumia kila mahali.

Akasoma vizuri tu, sauti ya darasani. Akafika kwa waliopimwa. "Walipimwa watu thelathini wenye macho mazima. Picha za neva zao..."

"Umeruka," nikasema.

Akapekua karatasi, nazisikia.

"Hapo katikati pana mstari. Mmoja aliondolewa kwa kukosa umakini." Niliukariri neno kwa neno. "Sikuwa nimesinzia, au sivyo?"

"Hukusinzia, dada."

"Ilikuwa presha ya macho."

"Ndiyo. Ilikuwa imeshaanza."

Presha ya macho haipigi hodi. Inakula pembeni polepole, wewe unashona tu. Kutoitambua siku ile ningemsamehe, kinyozi hajinyoi, nilishajiambia tangu Alhamisi. Nilikuwa nataka kujua jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

Akaweka karatasi mezani. "Mwaka wa pili baada ya kipimo. Mwenzangu mmoja aliitilia shaka kanuni, nikazikagua upya picha zote. Nikaiona neva yako, imekonda."

Mwaka wa pili. Mimi nuru ilizimika kabisa mwaka wa sita. Miaka minne! Chupa ya dawa ya matone tu, kila siku tone, na leo ningekuwa naona. Na miaka yote hiyo alikuwa anakula mezani kwangu, nikimwambia najigonga milango ananijibu, "Umri huo, dada."

"Kwa nini?"

"Ningekutibu, ungeuliza nimejuaje. Na wataalamu wenzangu wangeuliza. Kanuni ilikuwa imeshatajwa mara mia tatu. Nikajiambia nisubiri kidogo, pengine haitaendelea..." Akaanza kulia. "Niliona haya."

"Haya?" Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Wewe una haya wewe?"

Moyo uliniuma kuliko siku niliyoambiwa sitaona tena. Siku ile angalau yeye ndiye aliyenishika mkono. Nilimlilia begani, Mungu wangu, nikamshukuru kwa kuja.

"Na hao wengine," nikamwuliza, "wangapi wameambiwa wamesinzia?"

"Sijui."

"Kila ilikotumika kanuni yako kuna mtu wa tisa. Kesho waandikie wote walioitumia."

"Watanivua kila kitu, dada."

"Wakuvue. Nguo yako ya kwanza niliishona mimi, nitakutambua hata ukiwa uchi."

Alikuwa analia kwa kwikwi, vilevile alivyolia siku ya msiba wa mama. Siku ile nilimfuta kamasi kwa khanga yangu. Safari hii mikono yangu ilikataa kwenda.

"Soma tena," nikamwambia. "Toka mwanzo. Na usiniruke."

Akaanza. Alipofika kwenye mstari ule akausoma: mmoja aliondolewa. Kidole gumba changu, sijui kwa nini, kilikuwa kinabonyeza ukingo wa ngao.