Bila Waya

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na si kwa sifa. Jina alilipata siku alipotengeneza pasi ya jirani, ikazima umeme wa jengo zima. Mwenyewe aliliitikia kwa kicheko. Alishajua kwamba jina la utani ukilikataa ndipo linaponenepa.

Asubuhi hiyo mkewe, mfasiri, alikuwa na usaili wa kazi saa nne, wa kuandika na kuhojiwa kupitia kompyuta ya chumba cha nyuma. Nafasi hiyo aliingoja mwaka mzima. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kizamani, haijui intaneti ya hewani. Iliishi kwa waya mrefu uliotoka sebuleni ukatambaa koridoni kama nyoka mwenye hati ya nyumba. Juzi waya huo ulimtega mama mkwe, akaangukia kapu la nguo.

Injinia akanunua kiboksi cha kudaka mawimbi ya intaneti. Na ili asirudi nyuma, akatwaa mkasi akaukatakata ule waya mrefu mbele ya mama mkwe, kama mheshimiwa anayezindua zahanati.

Sasa kiboksi kilikuwa mezani, kando ya kompyuta, taa ya kijani inawaka. Mtandao wa nyumbani kimeupata, neno la siri kimelikubali. Lakini kompyuta ilishikilia lake: hakuna mtandao.

"Ipe muda," Injinia alisema. "Wanazoeana."

"Kwani wanachumbiana?" Mkewe alikuwa ameokota karatasi ya maelezo. "Hapa kuna picha. Kiboksi, mstari, kompyuta. Mstari huu ni nini?"

"Urembo tu."

"Injinia!"

"Mke wangu, kwenye katoni wameandika bila waya. Bila! Sasa waya wa nini tena?"

"Bila waya kutoka sebuleni hadi kwenye kiboksi. Kutoka kiboksi hadi kompyuta je? Inuse?"

Injinia akanywea. Ndani ya katoni kulikuwa na waya mfupi. Aliucheka sana, watu gani hawa, wanauza bila waya halafu wanatia waya! Akautumia kufungia mlango wa bafu kwa ndani, ambao komeo lake lilivunjika, naye ndiye aliyelivunja akilitengeneza. Na bafuni humo maji yalikuwa yakimwagika, na mama mkwe anaimba.

"Nenda wewe," alimsihi mkewe. "Mimi na mama yako, bafuni... hapana jamani."

"Aliyefunga ndiye afungue. Saa nne hiyo inaingia!"

Akaenda kiubavuubavu kama kaa, macho ameyafumba ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi, mama. Samahani sana."

Wimbo ukakatika. "Kuna moto?"

"Hapana, mama. Naomba... waya."

"Waya upi, baba?"

"Huo ulioshika mlango."

Bomba likafungwa. Tone moja la maji likaanguka, kisha la pili.

"Si wewe uliyetukatia waya hapa kwa mkasi, ukasema nyumba hii na waya basi?"

"Nilisema, mama."

"Na makofi nikakupigia."

"Ulipiga, mama. Ni usaili wa binti yako, bila huo waya kazi imekwenda."

Hapo utani ukaisha. Waya ukapenyezwa chini ya mlango, katikati umelowa povu, ncha zake kavu. Mkewe, aliyekuwa ameshafika koridoni, akaunyakua akatimua mbio. Papo hapo mlango, uliokosa wa kuushika, ukaanza kufunguka wenyewe, kwiii. Injinia akageuka nyuma, macho bado ameyafumba, akapapasa, akakidaka kitasa na kuuvuta.

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti ya mkewe, tulivu, ya kiofisi: "Ndiyo, nawasikia vizuri. Niko tayari."

Injinia akashusha pumzi, kisha akacheka peke yake, kitasa kakishikilia.

"Injinia," mama mkwe aliita. Siku zote alimwita baba. Jina la mtaani lilikuwa halijawahi kumtoka.

"Naam, mama."

"Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Usiachie. Leo waya ni wewe."