Kigae Kinachozama

Mafundi vigae wenzake walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, na jina likamkaa. Kigae kikimzidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha, alikibandua kabla mwenye nyumba hajakiona. Kwa hiyo binti yake alipomletea mchoro amtengenezee mfano wa sakafu ya bahari, vigae viwili vipana juu ya ubao, kimoja kikiingia chini ya kingine, Pimamaji alisema moyoni: huyu mtoto kakosea kuchora. Akavipanga sawasawa, akaziba mwanya kwa saruji nyeupe, akalala usingizi mnono.

Binti alifika karakana saa saba mchana. Saa tisa alitakiwa awe makumbusho, awaonyeshe wanakamati jinsi visiwa vya volkano vinavyozaliwa. Wakiridhika, kazi ni yake. Wasiporidhika, kuna mwenzake anasubiri kwenye benchi nje ya mlango.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekunyooshea."

"Umenimaliza! Hiki kigae ni bamba la ardhi lililo chini ya bahari, linatakiwa lizame."

"Lizame wapi?"

"Chini ya mwenzake."

"Likizama si ardhi inapungua? Wewe uliniambia unaonyesha ardhi mpya."

"Inapungua huku, inaongezeka kule."

Pimamaji alijikuna kisogo. Shule aliiachia darasa la tano na hakuwahi kuijutia mpaka mchana ule. Akashika patasi, akaanza kubomoa saruji aliyoisugua jana ikang'aa.

"Haya, nieleze nabomoa kwa ajili ya nini."

"Bamba la bahari limelowa, baba. Limebeba maji ndani ya mawe yenyewe. Likishuka linakamuliwa, maji yanapanda, yanaingia kwenye mwamba wenye joto kali ulio juu yake. Mwamba unayeyuka, uji wake unapanda na kutoka kwenye volkano. Ukipoa, ndiyo ardhi mpya. Visiwa vinajipanga kama upinde."

"Ngoja. Maji yanazima moto."

"Hapa yanayeyusha."

"Maji? Yayeyushe jiwe?"

"Jiwe lina joto tayari. Likiwa kavu linahimili. Likilowa linashindwa, kwa joto lile lile."

"Mama yako anajua unafundishwa mambo haya?"

"Baba, gonga!"

Akagonga. Kigae kilibanduka kizima. Akakilaza mshazari, akakisukuma chini ya mwenzake huku ameuma meno, kama mtu anayejichoma sindano mwenyewe. Kisha akachukua vilima vya volkano vya plasta alivyokuja navyo binti, akavibandika pale pale vigae vilipokutana.

"Siyo hapo. Rudi nyuma, juu ya hiki kisichozama."

"Si ndipo vinapokutana hapa?"

"Mpaka maji yakamuliwe, bamba limeshaingia ndani sana."

Akarudisha vilima nyuma. Kila alipodhani ameshika jambo, lilimponyoka.

Fundi plasta wa karakana ya jirani akaitwa kusaidia kupakia mfano garini. Alipouona ubao aliacha kubeba, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Pimamaji! Leo kigae kimekuzamia? Ngoja niwaite wenzako waje washuhudie."

Pimamaji aliweka patasi chini. Maji na moto vinapatanaje huko chini, bado hakuelewa, na angeambiwa aeleze angeumbuka mara ya pili. Akamtazama binti yake, ambaye alishakaa kwenye kiti cha mbele cha gari, macho kwenye saa.

"Waite," alisema. "Ila kwanza shika upande huo. Na ole wako ukikinyoosha hicho kigae."